Kadibodi

Januari, Kettering, saa kumi na mbili asubuhi.
Navuta kadibodi kutoka chini ya gari
kama anayefunua shuka la mgonjwa
kuona usiku ulikuwaje.
Madoa saba. Jana yalikuwa matano.
Moja kubwa, nyuma, chini ya gia,
mengine yamelifuata kama vifaranga.

Gari lina miaka kumi na tisa, maili laki mbili na ushei.
Lilikuwa la fundi bomba wa Corby;
mvua ikinyesha, jina lake bado linasomeka ubavuni.
Mimi nalibebea mashine za kuoshea mazulia,
ndoo, mopu, na Jumamosi mwanangu Idarusi.

Gereji walisema: sili ya nyuma ya krenki.
Gia ishuke, klachi ishuke, pauni mia tisa.
Kijana alikuwa akifuta mikono
ambayo haikuwa michafu.
Nikamshukuru. Nikanunua dawa ya grisi, nikarudi.

Bi Doreen wa namba kumi na moja
alisukuma barua mlangoni: doa limefika langoni kwake.
Mwandiko mzuri, wino wa buluu.
Ungekuwa mbaya usingeniuma.

Oili ni mwongo mpole.
Haidondoki pale ilipotokea.
Inatambaa ukingoni mwa chuma, inashuka na bolti,
upepo wa barabara kuu unaisukuma nyuma,
na ikifika mahali pa chini kabisa
ndipo inajitangaza.
Ukiliuliza doa,
litakutajia nyumba ya jirani.

Basi nikaiosha injini yote,
pembe kwa pembe, kwa mswaki wa meno uliochakaa.
Ilipokauka nikaipaka poda ya mtoto
mpaka chini ya boneti kukanuka
utoto wa Idarusi.
Tukaenda Desborough, tukarudi, tukafungua.

"Juu, Mama," akasema, tochi ikimtetemeka kwa baridi.
Juu kweli. Kona ya nyuma ya kifuniko cha vali
mfereji wa kahawia, mwembamba kama uzi wa kushonea,
ulikuwa umechora safari yake juu ya weupe.
Krenki ya watu ilikuwa haina kosa.

Gasketi mpya, pauni kumi na moja.
Nilikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje,
kidogo kidogo, kwa mkono unaojua
kwamba kukaza sana nako ni kuvunja.
Nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Siku ya tano: madoa manne.

Sikulia. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa
nikaitazama injini, nayo ikanitazama.
Kisha nikaufungua ule mpira wa kupumulia,
ambao hakuna aliyeutaja.
Ndani, uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa,
kazi ya safari fupi na asubuhi za barafu.
Injini ilikuwa imezibwa pua!
Na pumzi ikikosa pa kutokea
hutafuta palipo dhaifu, ikatoka na oili.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa wakisemea nyumba.
Mimi ufa nilishauziba.
Kilichobaki kilikuwa kuzibua.

Nikauosha mpira kwa maji ya moto,
nikaupuliza kwa mdomo, ladha yake siisemi.
Mchana nikamwaga mchanga wa paka langoni kwa Bi Doreen,
nikausugua kwa kisigino, nikafagia.
Akatoka na koti juu ya gauni la kulalia.
"Ilikuwa nini?"
Nikakosa neno, nikashika pua.
Akacheka mpaka akaegemea lango:
"Marehemu Kenneth naye alikuwa hivyo hivyo.
Hasemi, hasemi, halafu anamwagika."

Leo kadibodi ina tone moja.
Nalijua: ni la bolti ya kumwagia oili,
washa ya shaba imechoka, bei yake peni arobaini.
Nimelizungushia kalamu,
nikaandika tarehe.